Khutba ya Ijumaa: Moto Uzimwe Kabla ya Kulala

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba pumzi akaifanya kuwa neema isiyouzwa wala kununuliwa, tajiri na maskini wakaivuta kwa usawa. Tunamsifu, tunamtaka msaada na tunamwomba msamaha. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki isipokuwa Yeye, hali ya kuwa peke Yake, hana mshirika. Na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na aali zake, na masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni na ninaiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, kwani mwenye kumcha Yeye huchunga alichopewa kukichunga, na amana ya kwanza aliyopewa mwanadamu ni roho yake na roho za walio chini ya ulinzi wake.

Ndugu zangu Waislamu, nyinyi mliohudhuria msikitini na nyinyi mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio, mazungumzo yetu ya leo ni juu ya moto mdogo, moto wa jiko la makaa linaloingizwa chumbani usiku, mlango ukafungwa, watu wakalala. Huenda mtu akauliza: khutba na jiko wapi na wapi? Jawabu ni kwamba dini yetu haikuuacha mlango wa nyumba bila ya mafunzo. Amepokea Abu Musa al-Ash'ari, Mwenyezi Mungu amwie radhi, kwamba nyumba moja iliungua usiku mjini Madina hali wenyewe wamo ndani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopewa habari zao aliwatanabahisha watu kwamba moto ni adui yao, na akawaamrisha wauzime wanapotaka kulala. Katika mapokezi ya Ibn Umar amekataza kabisa kuuacha moto majumbani wakati wa usingizi. Na katika mapokezi ya Jabir ameamrisha taa zizimwe, akataja hata panya, kiumbe dhaifu, awezaye kuuvuta utambi akawaunguza watu wa nyumba nzima.

Tazameni, ndugu zangu, upana wa amri hii. Adui mwingine huonekana akija, na adui mwingine haonekani. Moto una ndimi zake tunazoziona na tunazozikimbia. Lakini una na silaha nyingine isiyo na rangi wala harufu wala ladha, na hiyo ndiyo inayoua watu waliolala bila ya kuunguza hata shuka yao.

Wataalamu wanaiita hewa hiyo kaboni monoksaidi. Hutokea kila kinapowaka kitu pasipo hewa ya kutosha: makaa, kuni, mafuta ya taa, gesi na petroli. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba hatari imo katika moshi, na kwamba makaa yakisha kukolea, yakawa mekundu na hayatoi moshi, basi jiko limekuwa salama kuingizwa ndani. Hilo ni kosa kubwa. Kaa jekundu lisilo na moshi hutoa hewa hii kwa wingi, na hata kaa lililofunikwa na jivu huendelea kuitoa muda wote limo moto.

Na namna inavyoua ni hivi. Mwenyezi Mungu amejaalia chembe nyekundu za damu kuibeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka katika ubongo, moyo na viungo vyote. Hewa hii ya sumu hushikamana na chembe hizo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Basi mtu huvuta pumzi, kifua chake hupanda na kushuka, lakini damu yake imekwisha kushikwa na mgeni asiyetoka, na ubongo wake unakufa kwa kiu ya hewa. Mtaalamu wa Kifaransa Claude Bernard aliieleza kazi hii ya sumu katika damu katikati ya karne ya 19, na tangu wakati huo jambo hili halina siri. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakiteremka mashimoni na ndege wadogo katika vitundu, kwa sababu ndege hudhurika kabla ya mtu. Na desturi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1986, ilipochukuliwa nafasi yake na vyombo vya kupimia hewa.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, udhaifu wa miguu na kupotewa na fikira. Dalili hizi zinafanana na za homa, na kwetu sisi ni wepesi wa kusema: hii ni malaria. Lakini zipo alama mbili za kupambanulia. Ya kwanza, watu wawili au watatu wa nyumba moja kushikwa kwa wakati mmoja. Ya pili, mtu kupata nafuu anapotoka nje na kurudiwa na maumivu anapoingia ndani. Na mwenye kuwa macho huenda akazihisi dalili hizo. Ama aliyelala hazihisi. Adhana ya alfajiri humwamsha aliyelala, lakini hewa hii humzidishia aliyelala usingizi juu ya usingizi wake. Mama mwenye mimba, mtoto mchanga na mzee mwenye ugonjwa wa moyo hudhurika upesi zaidi.

Ndugu zangu, tunajua kwa nini watu huingiza majiko vyumbani. Katika nyanda za juu, kama vile Limuru, Njombe na Lushoto, baridi ya miezi ya Juni mpaka Agosti hupenya mifupa, na aliyepanga chumba kimoja hana chombo kingine cha kupashia moto. Kuna mzazi aliyejifungua anayewekewa jiko ili apate joto yeye na kitoto chake. Kuna anayechemsha maharage usiku kucha kwa ajili ya biashara ya asubuhi. Dirisha hufungwa kwa kuogopa mwizi, hufungwa kwa kuogopa mbu, na upenyo wa chini ya mlango huzibwa kwa kitambaa kwa kuogopa upepo. Hawa wote hawakukusudia ila kheri. Lakini nia njema haibadilishi tabia ya moto, na mapenzi ya mama kwa mtoto wake hayaigeuzi sumu kuwa hewa.

Wengine hudhani kwamba ukiweka beseni la maji kando ya jiko, maji yataivuta sumu. Si kweli, hewa hii haiyeyuki katika maji ila kwa kiasi kidogo mno. Wengine hutosheka na kuliacha dirisha wazi kiasi cha vidole viwili. Hilo pia si dhamana ya uhai. Neno la kutegemewa ni lile tuliloamrishwa zaidi ya miaka 1400 iliyopita: moto uzimwe kabla ya kulala. Jiko liwashwe na litumiwe nje, au barazani penye kupita hewa. Chumba kipashwe joto kwa nguo, kwa mablanketi, kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri. Na chetezo cha udi na ubani kifukizwe milango ikiwa wazi, kisha kitolewe nje kabla watu hawajalala.

Na ikitokea, Mungu apishe mbali, umefungua mlango ukawakuta watu wamelala hawaamki, basi usiketi humo ukiwaita majina. Fungua mlango na madirisha, wavute nje kwenye hewa safi upesi, omba msaada wa jirani, na wapelekwe hospitali hata kama wamezindukana. Usimnyweshe maziwa mtu aliyezimia. Maziwa hayaiondoi sumu hii, na huenda yakampalia. Mwambie daktari wazi kwamba palikuwa na jiko ndani. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu hiyo hukaa mwilini kwa muda wa saa nne au tano hivi kabla ya kutoka; akivutishwa oksijeni safi, muda huo hupungua ukawa kama saa moja na nusu. Tofauti hiyo huweza kuwa ndiyo tofauti ya mtu kurejea na akili zake timamu au kutorejea.

Sasa nawaelekea wenye nyumba za kupangisha. Wanazuoni wetu wa fikihi wamesema kwamba kupangisha ni kuuza manufaa. Basi manufaa ya chumba ni yapi, ikiwa hakimwezeshi mtu kulala na kuamka? Mwenye nyumba anayeziba madirisha ili apate ukuta wa kuongezea chumba kingine, kisha akawakataza wapangaji kupika uani au ukumbini, huyo amewasukuma waingie na moto chumbani, na kodi anaipokea kila mwisho wa mwezi. Mtume wetu ametufundisha kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana. Ewe baba mwenye nyumba, waachie wapangaji wako pahali pa kupikia penye hewa, na matundu ya juu ya ukuta yasiyozibwa. Nawe mpangaji, usiyazibe matundu hayo kwa magazeti, wala usimfiche mwenye nyumba unayoyafanya ndani.

Nasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake mwaminifu.

Enyi Waislamu, wako ndugu zetu na watoto wetu waliohamia nchi za baridi, Uingereza, Kanada na Marekani, wakapanga katika majumba ya ghorofa. Huko joto la nyumba mara nyingi hutokana na mitambo ya gesi, na mtambo ukiharibika, au bomba lake la kutolea moshi likiziba, hewa ile ile ya jiko letu huingia vyumbani. Kwa hiyo huwekwa ukutani king'ora kidogo kinachoitambua sumu hiyo na kulia. Katika Uingereza, tangu tarehe 1 Oktoba 2022, kanuni zinamlazimu mwenye nyumba kukiweka katika kila chumba cha kukaliwa chenye mtambo wa kudumu wa kuchoma mafuta, gesi au kuni, isipokuwa majiko ya gesi ya kupikia. Na akiarifiwa kwamba king'ora ni kibovu, hana budi kukitengeneza au kuweka kingine.

Tumesikia kwamba wapo wanaokitoa betri kwa sababu sauti yake inawaudhi. Atoaye betri ya king'ora ni mfano wa aliyeajiri mlinzi, kisha akamziba mdomo ili apate usingizi. Waandikieni watoto wenu, au wapigieni simu leo baada ya sala, mwaambie hivi: king'ora kikitoa mlio mmoja mfupi kila baada ya kitambo, mara nyingi hutaka betri mpya au kimekwisha umri wake. Lakini kikilia kwa nguvu mfululizo, na vingi hulia milio minne ya haraka, vikanyamaza, kisha vikarudia, hapo hapana kujadiliana. Waamsheni wote, tokeni nje, fungueni milango na madirisha mnapopita, hesabianeni mkiwa nje, mwite kikosi cha zimamoto, na msirudi ndani mpaka wataalamu waseme pamekuwa salama. Kunyamaza kwa king'ora baada ya kufungua dirisha si dalili ya kwisha kwa balaa. Hewa imepungua, chanzo chake kingalipo. Na jirani wa juu na wa chini agongewe mlango, kwani hewa hii hupenya kuta na sakafu, nayo haiulizi dini ya mtu.

Huenda mmoja wetu akasema: siku ikifika imefika, king'ora hakiongezi umri. Ndugu yangu, Sayyidna Umar alipokuwa akienda Shamu akapata habari ya tauni, alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alikiri kwamba ndivyo, ila akaeleza kwamba anaikimbilia kadari nyingine ya Mungu huyo huyo. Na Mtume alimfundisha bedui amfunge kwanza ngamia wake, ndipo ategemee. Kuzima moto ni kumfunga ngamia. Na Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Baqara, aya ya 195, tusijitie wenyewe katika maangamizo. Na katika Sura ya Maida, aya ya 32, amemfananisha mwenye kuihuisha nafsi moja na aliyewahuisha watu wote.

Neno moja la mwisho. Wanapokutwa watu wamekufa chumbani bila jeraha, midomo huanza kunena: wamelishwa sumu, wamerogwa na shangazi, mkewe aliyaweka. Nyumba ngapi zimevunjika kwa dhana hizo, na jiko la makaa lipo pembeni limepoa, halitazamwi na mtu! Tuogopeni dhana. Tutazame kwanza jiko, kisha tuwafariji wafiwa kwa ukweli, na ukweli huo tuufikishe kwa jirani kabla ya usiku kuingia.

Ewe Mola wetu, zilinde roho zetu tukiwa macho na tukiwa tumelala. Warehemu waliokwisha kufa kwa sumu hii, uwape wafiwa wao subira. Walinde wazazi, watoto wachanga na wageni walio mbali na kwao. Wape wenye nyumba huruma, wape wapangaji hadhari, na utujaalie sote kuwa ni wenye kusikia maneno na kuyafuata yaliyo mema. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Naye atakukumbukeni. Simamisheni sala.