Kukadiria Gharama za Nyumba Iliyoharibika

(Hotuba iliyosomwa mbele ya baraza la wazee na walimu)



Nimeombwa niseme kidogo juu ya nyumba zetu za shule, za zahanati na za baraza zinapoharibika: tutajuaje ni fedha kiasi gani zitatosha kuzitengeneza, na ni lini yafaa kuacha kutengeneza na kujenga upya. Jambo hili si la mafundi peke yao. Fedha za shule ni fedha za watu wote, na vichwa vilivyo chini ya paa lake ni vya watoto wetu.

Sote twaijua mithali, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni ya kweli, lakini wengi huifuata nusu. Huziba ufa, wala hawaulizi umetoka wapi. Nimeona shule moja ambayo ukuta wake wa nyuma ulipasuka. Wazee wakachanga fedha, fundi akapiga lipu, ukuta ukapendeza. Masika yalipopita, ufa ukarudi pale pale. Wakachanga mara ya pili, na mara ya tatu. Mwisho mzee mmoja alikwenda akasimama nyuma ya nyumba mvua ikinyesha, akaona maji ya paa yote yakimwagika chini ya ukuta ule na kuchimba msingi. Mlizamu wa bati na mtaro wa mawe ungaligharimu pungufu ya zile lipu tatu.

Basi hesabu ya kwanza ni ya chanzo. Ufa unaopanda kama ngazi, ukifuata viungo vya matofali, mara nyingi ni dalili ya msingi uliodidimia upande mmoja. Ukuta wenye unyevu chini, na lipu inayobambuka hapo, huonyesha kwamba maji yapanda kutoka ardhini. Vijia vya udongo ukutani na mbao zinazolia tupu ukizigonga ni kazi ya mchwa. Na kama hujui iwapo ufa wakua au umesimama, pitisha juu yake kipande chembamba cha lipu, ukiandike tarehe. Kikipasuka baada ya miezi michache, ujue ugonjwa bado uhai, na kila shilingi utakayoitia katika lipu imepotea.

Hesabu ya pili ni ya kipimo. Asikudanganye mtu akatazama ukuta kwa mbali akataja bei. Chukua kamba, upime. Tuseme ukuta utakaobomolewa una urefu wa mita 6 na kimo cha mita 2 na nusu: hiyo ni mita za mraba 15. Matofali ya saruji yenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9 huingia kama 10 katika kila mita ya mraba. Basi yatakiwa 150, na uongeze 15 kwa yatakayovunjika. Ndipo uulize bei sokoni, tena kwa wauzaji zaidi ya mmoja.

Lakini matofali si hesabu yote, na hapa ndipo kamati nyingi hukwama kazi ikiwa nusu. Andika saruji, mchanga na maji. Gari la kuvileta. Ujira wa fundi na wa vibarua. Miti ya kuegemeza paa wakati ukuta haupo. Kazi ya kubomoa na kuondoa kifusi. Na mahali watakaposomea watoto siku hizo. Kisha weka akiba, yapata moja katika kumi, kwa mambo yaliyofichika. Maana ukiondoa bati ndipo uonapo kenchi iliyoliwa.

Hesabu ya tatu ni ya miaka. Nitatoa mfano tu, wala si bei za soko. Kutia viraka paa la zamani kwagharimu shilingi 600,000, na litadumu miaka 3. Paa jipya lagharimu shilingi 2,400,000, na litadumu miaka 20. Asiyegawanya atasema viraka ni rahisi. Gawanya: viraka ni shilingi 200,000 kwa mwaka, paa jipya ni 120,000. Kilichoonekana rahisi ndicho ghali. Hata hivyo, usiweke bati jipya juu ya ukuta unaokufa. Tazama msingi kwanza, kisha ukuta, mwisho paa. Msingi na kuta zikiwa nzima, badili paa peke yake. Msingi ukiwa umekwisha, viraka vya juu ni kutupa fedha.

Liko neno moja lisilongoja hesabu. Ukuta ukiinama, ao boriti ikilegea, watoa watoto leo, si siku fedha zitakapopatikana. Jumba la Beit al-Ajaib la Unguja, lililojengwa mwaka 1883 zamani za Sayyid Barghash, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, nalo li katika kutengenezwa, na watu wawili wakafa. Ikiwa jumba kubwa namna ile laweza kuanguka mbele ya mafundi, sembuse darasa letu?

Basi nawasihi kila jengo liwe na daftari lake. Mwalimu na wazee wawili walizunguke kabla ya masika na baada yake, waandike walichokiona, mahali pake, tarehe, na kipimo. Daftari la senti chache litawaambia mapema lile ambalo ukuta ulioanguka husema kwa kuchelewa.