Kibao Kimoja, Udongo Mpya: Karatasi Zetu za Amani Zinavyotengenezwa

Maneno ya mtumishi wa shirika la kienyeji, yaliyosemwa Kama, jimbo la Maniema, mbele ya viongozi wa familia zilizohama na wa familia zilizowapokea.



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini karatasi zetu zote zinafanana. Tangazo la kugawa mbegu, taarifa ya kikao, mapatano ya mashamba: zote zina alama ileile juu, tarehe mahali palepale, na safu mbili za maandishi. Wengine wanasema tunanakili tu za zamani. Tumeona vema tueleze, kwa sababu jambo hili linagusa haki zenu.

Anayefyatua matofali hachongi kibao kipya kwa kila tofali. Kibao ni kimoja, udongo ndio unaobadilika. Programu za kupanga kurasa, kama vile PageMaker iliyotoka Marekani mwaka 1985, au Scribus ambayo ni ya bure na ilianza mwaka 2001, zinafanya vivyo hivyo. Zina ukurasa maalumu, sisi tunauita ukurasa mama. Unachoweka juu yake, iwe alama, mstari au namba, kinajitokeza katika kila ukurasa unaoutegemea. Pia zina mitindo: ukubwa wa herufi za kichwa, za habari na za sahihi hupangwa mara moja na kupewa jina.

Kuhamisha umbo hilo kutoka hati moja hadi nyingine kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuhifadhi ukurasa mtupu kama kiolezo. Ukianzia hapo, kompyuta inakupa hati mpya, na kiolezo kinabaki kama kilivyo. Ya pili ni kuingiza katika hati mpya ukurasa mama na mitindo ya hati nyingine. Ya tatu, ambayo wengi huipenda kwa sababu ni ya haraka, ni kufungua hati ya zamani, kufuta maneno na kuandika mengine. Katika karatasi za amani, njia hii ya tatu tunaikataa.

Tuliona tangazo moja, si la hapa, lililotengenezwa hivyo. Siku ilibadilishwa juu, ikasahauliwa chini. Juu lilisema Ijumaa, chini Jumatano. Mama walitembea Jumatano na watoto mgongoni, wakakuta ghala limefungwa. Kufika jioni ilishasemwa kwamba wenyeji wamekula mbegu za wakimbizi. Hakuna aliyekula kitu. Ni siku ya zamani tu iliyobaki katika karatasi, lakini majirani walilala na hasira.

Kuna hatari kubwa zaidi. Faili ya zamani inaweza kubaki na majina ya watu waliotoa ushuhuda, katika ukurasa wa nyuma au katika sanduku lililosukumwa nje ya ukurasa. Katika karatasi iliyochapwa huyaoni. Lakini ukimpa mtu faili yenyewe kwenye flashi, anayaona yote. Ndiyo maana kiolezo chetu hakina jina la mtu wala la kijiji, na anayechapa Kindu tunampelekea PDF, si faili ya kazi.

Jambo la pili ni herufi. Kama kompyuta nyingine haina aina ya herufi tuliyotumia, programu huweka nyingine mahali pake. Maneno yanapanuka, na mstari wa mwisho unakosa nafasi katika sanduku lake. Scribus huonyesha alama ndogo kwenye kona ya chini, lakini alama hiyo haichapwi, na mstari uliokosa nafasi hauchapwi pia. Katika mapatano, mara nyingi mstari wa mwisho ndio unaosema ni nani atakayelinda mpaka wa shamba. Kwa hiyo tukihamisha umbo, tunahamisha na herufi zake, kisha tunahakikisha PDF inazibeba ndani.

Jambo la tatu ni lugha. Katiba ya mwaka 2006 inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Kwa hiyo mapatano yetu yana Kiswahili upande mmoja na Kifaransa upande wa pili, safu zikiwa na upana sawa. Ukibadilisha tarehe upande mmoja tu, umeandika mapatano mawili: moja la mkulima, lingine la ofisi. Na nafasi za sahihi tumeziweka sambamba, kwa urefu mmoja, ili mkimbizi na mwenyeji wasiulizane nani yuko juu ya mwenzake.

Sasa tunawaomba jambo moja. Kila kamati ichague wasomaji wawili, mmoja wa familia zilizohama na mmoja wa familia wenyeji. Kabla ya karatasi yoyote kupigwa muhuri, waisome kwa sauti, wakiangalia mambo matano: jina la kijiji, tarehe, hesabu ya familia, majina ya wanaotia sahihi, na mstari wa mwisho. Kwa asiyejua kusoma, masikio yake yanatosha. Akisikia jambo ambalo halikusemwa katika kikao, aseme, na karatasi irudi mezani.

Umbo la ukurasa linaweza kutumika mara mia. Ahadi ya watu wawili lazima iandikwe upya kila mara, mbele yao.