Utafiti wa Kuponya UKIMWI: Mgonjwa Anatumaini, Daktari Anasita

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za UKIMWI za sharika



Tunapotembelea sharika tunaulizwa mara kwa mara: "Mratibu, dawa ya kuponya kabisa imefika? Nijiunge na majaribio?" Napenda tuone kwa nini wanaoishi na VVU na madaktari wao hujibu swali hili tofauti.

Dawa za kupunguza makali, ambazo hapa Tanzania zilianza kutolewa bure mwaka 2004, huzuia virusi visizaliane. Lakini virusi vingine hulala vimejificha ndani ya chembe za mwili, na dawa zikiachwa huamka. Watu wachache sana duniani wameponywa. Wa kwanza, Mmarekani Timothy Ray Brown, alipandikizwa uboho jijini Berlin mwaka 2007 kwa sababu alikuwa na saratani ya damu. Njia hiyo ina hatari kubwa, haimfai mtu ambaye ARV zinamtosha. Ndiyo maana watafiti wanatafuta njia nyingine.

Ugumu uko hapa: ili kujua kama njia mpya imefaulu, mara nyingi mshiriki huombwa aache ARV kwa muda, huku akipimwa damu mara kwa mara. Huko Umlazi, karibu na Durban, Afrika Kusini, wanawake 20 walioanza dawa mapema sana baada ya kuambukizwa walikubali. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha kuwa asilimia 30 walikaa bila dawa hadi mwisho wa jaribio. Wengi walilazimika kuzirudia.

Wagonjwa walioulizwa katika nchi mbalimbali, zikiwemo Marekani na Ufaransa, mara nyingi husema wako tayari kushiriki. Sababu wanayoitaja sana ni kuwasaidia wengine. Wapo pia waliochoka kumeza dawa kila siku na kuzificha.

Madaktari husita zaidi, nao wana sababu. Mwaka 2006 utafiti uitwao SMART, wenye washiriki zaidi ya 5,000, ulisimamishwa kwa kuwa waliokatiza dawa waliugua na kufa zaidi kuliko walioendelea. Majaribio ya sasa hukatiza kwa uangalizi wa karibu zaidi, lakini funzo hilo halijasahaulika. Tena, mgonjwa ambaye virusi vyake havionekani tena kwenye vipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Akiacha dawa na virusi vikirudi, kinga hiyo inaondoka, na mwenzi huenda hajaambiwa lolote.

Ndugu zangu, moyo wa mgonjwa wa kujitolea si ujinga, na tahadhari ya daktari si roho mbaya. Hofu yangu ni kwa mgonjwa anayesema "ndiyo, daktari" kwa sababu ni huyo huyo anayempa dawa. Ridhaa ya woga si ridhaa.

Tusisahau mwaka 2011, maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji wetu mstaafu. Wapo walioacha ARV wakiamini wamepona, na hapakuwa na wa kuwafuatilia kwa vipimo.

Kwa hiyo naomba kila kamati iwaambie watu wake haya:

1. Mtu asiache dawa kwa kusikia habari redioni au kwa jirani.

2. Utafiti halali hapa nchini una kibali cha NIMR na fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa mshiriki. Hauna kiingilio.

3. Mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote, na asinyimwe matibabu yake ya kawaida.

4. Kabla ya kutia sahihi, aende na mtu anayemwamini, aulize: virusi vikirudi, nani atanihudumia? Mwenzi wangu atalindwaje?

Kwa wafadhili: mhudumu wa majumbani anayefika kwa mgonjwa kila mwezi ndiye atakayeulizwa maswali haya kwanza. Nauli yake na semina yake si matumizi ya pembeni.