KIBABA CHETU: AKIBA YA FEDHA NA AKIBA YA MBEGU
Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi



Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha leo. Miaka kumi si mchezo. Kitabu cha hesabu kiko hapa mezani, anayetaka kukikagua na akikague.

Tangu tuanze tumekuwa tukisema haba na haba hujaza kibaba, mawazo yetu yakiwa kwa shilingi. Lakini jamani, kibaba ni kipimo cha nafaka! Wahenga walikuwa wakizungumza habari ya chakula. Basi tujiulize: sanduku lina pesa, je, ghala zetu zina nini? Kila mwezi wa kumi, kabla ya mvua za vuli, mama anakopa anunue mbegu. Mvua ikikatika, mahindi yanakauka, deni linabaki limesimama. Hata yakizaa, mahindi chotara ukiyapanda tena hayazai vile yalivyozaa mwanzo, kwa hiyo msimu ujao lazima anunue tena. Hapo akiba yetu inamfanyia nani kazi?

Sisi wa Ukambani tunajua kuilinda ardhi. Mama zetu na nyanya zetu walichimba matuta ya fanya juu kwa mwethya, wakitupa udongo upande wa juu ili maji yasiuchukue. Vilima vya Machakos vilivyokuwa vimechakaa miaka ya 1930 vikarudi kuwa mashamba. Walitumia jembe na umoja.

Na imani yetu yasemaje? Katika Mambo ya Walawi, Mungu aliwaagiza Waisraeli wasivune mpaka pembeni kabisa mwa shamba, ili maskini na mgeni wapate. Tuangalie vizuri: maskini hakungojea makombo mlangoni. Aliingia shambani akachuma mwenyewe, kwa haki yake. Na ardhi nayo ikapewa mwaka wa saba wa kupumzika. Shamba la ekari moja hatuwezi kuliacha lilale mwaka mzima, lakini tunaweza kulipumzisha kwa kubadilisha mimea. Kunde, mbaazi na ndengu hurudisha rutuba, na samadi ya mbuzi tunayo. Hata Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa.

Wengine wamekuwa wakiogopa kupeana mbegu, kwa sababu sheria ilitishia kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja. Wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu vilivyomzuia mkulima kuhifadhi na kubadilishana mbegu vinakwenda kinyume cha Katiba.

Basi tunaleta pendekezo hili. Kila mwanachama alete gorogoro moja ya mbegu ya kienyeji, aliyoichagua ikiwa bado shambani: mtama, wimbi, kunde au mbaazi. Atakayekopa gorogoro moja, akivuna arudishe moja na nusu. Mvua ikikataa, deni lisubiri msimu mwingine. Ile nusu ndiyo pembe yetu ya shamba: iwe ya mjane, mgonjwa na watoto wasio na wazazi, na waichukue bila kuombaomba.

Tunajua wako wanaosema mbegu ya kienyeji ni ya umaskini, afadhali pesa yote ibaki sandukuni. Hatumkatazi mtu mahindi ya dukani. Tunasema asiyatie matumaini yake yote humo.

Neno la mwisho. Akiba haiozi, lakini nafaka yenye unyevu huoza. Hatujasahau mwaka 2004, sumu ya aflatoksini itokanayo na kuvu ilipoua watu 125, wengi wao huku Ukambani. Kwa hiyo tusianike chini kwenye udongo, na tusiweke kitu ghalani kabla hakijakauka kabisa. Mbegu tuichanganye na majivu.

Tutapiga kura mkutano ujao. Kila mama aje na maoni yake, na mwenye gorogoro aje nayo.