Willy Gamba, Siri na Uhuru Wetu

(Mazungumzo kwa wanachama, Auburn, Sydney, kuelekea sherehe za Uhuru, 9 Desemba)



Kamati imetuomba sisi wauguzi tuseme machache tena. Safari iliyopita tulizungumza habari ya shinikizo la damu, na tuliona jinsi watu walivyoanza kuiogopa pilau. Leo hatutagusa chumvi ya mtu. Tutazungumza habari ya vitabu vya ujasusi, maana vina uhusiano na siku hii tunayoisherehekea, na vina uhusiano na sisi wenyewe hapa Auburn.

Sisi tuliosoma sekondari miaka ya 1990 tuliviona vitabu hivyo vikiwa vimechoka. Vilifika bwenini bila jalada, kurasa za mwanzo zimechanika, na waliosubiri zamu walikuwa wengi kuliko foleni ya chakula. Ukipewa usiku mmoja, unasoma kwa tochi chini ya blanketi, na alfajiri unamkabidhi mwenzio. Tulichokuwa tunakimbilia ni habari za Willy Gamba, jasusi aliyebuniwa na Elvis Musiba katika Kufa na Kupona, kitabu kilichotoka mwaka 1974, na vingine vilivyofuata, kama Kikosi cha Kisasi cha mwaka 1979.

Wapelelezi tulikuwa nao kabla yake. Zanzibar ilitupa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960. Faraji Katalambulla akatupa Simu ya Kifo mwaka 1965. Lakini hao walitafuta aliyemuua fulani. Willy Gamba alitumwa na nchi. Kazi yake ilikuwa kuwakabili maadui wa ukombozi wa Afrika, hasa makaburu wa Afrika Kusini na vibaraka wao.

Watoto wetu mliozaliwa hapa mnaweza kudhani hayo ni ya kubuni tu. Hapana. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Mwaka huohuo Mandela alipita Tanganyika akitafuta msaada kwa ajili ya mapambano ya kwao. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaunda Kamati ya Ukombozi, makao yake makuu yakawa Dar es Salaam. Wapigania uhuru walikuwa na kambi Kongwa, na baadaye ANC ikajenga shule Mazimbu, Morogoro. Nchi maskini, iliyopata uhuru juzi tu, ilikubali kuwa nyumba ya watu wanaowindwa. Na mwenye kuwaficha wanaowindwa naye huwindwa.

Tarehe 3 Februari 1969 Dkt. Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, alipokea kifurushi Dar es Salaam. Ndani yake mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Alikufa palepale. Kwa hiyo Musiba alipoandika habari za maadui waliojipenyeza mjini, msomaji wa Dar es Salaam alijua kwamba jambo kama hilo limeshatokea, na linaweza kutokea tena.

Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, Zimbabwe 1980, Namibia 1990, na mwaka 1994 Afrika Kusini ikapiga kura watu wote. Kamati ya Ukombozi ikafunga ofisi mwaka huohuo. Kwa hiyo tukisema uhuru wetu ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, tunasema kweli, lakini si kweli yote. Wazee wetu walikataa kusherehekea peke yao wakati jirani bado amefungwa. Hilo ndilo Willy Gamba alilotufundisha chini ya blanketi, bila sisi kujua kwamba tunafundishwa.

Tena katika vitabu hivyo, sisi ndio wenye hadithi. Katika filamu nyingi ambazo vijana wetu wanatazama, jasusi anatoka London au Washington, na Afrika ni mahali pa kurushia risasi. Kwa Musiba, jasusi, mkuu wake wa kazi, dereva wa teksi, hata msaliti, wote wanasema Kiswahili. Kasoro zipo, na sisi wanawake tunaziona: mara nyingi mwanamke ni pambo au ni mtego. Tunazisema kasoro hizo, na tunaendelea kusoma.

Sasa tuje kwenye upande mwingine. Hapa ukumbini kuna ndugu zetu wa Kongo. Wao habari za ujasusi waliletewa nyumbani. Larry Devlin, aliyekuwa mkuu wa CIA pale Kinshasa, mji ulioitwa Léopoldville wakati huo, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2007 kwamba mwaka 1960 aliletewa sumu ya kumuulia Patrice Lumumba, ikiwemo dawa ya meno yenye sumu. Alisema hakuitumia. Lumumba aliuawa kwa risasi huko Katanga, Januari 1961. Sisi ambao kila siku tunampa mgonjwa dawa, naye anaimeza kwa kutuamini, habari hiyo ya dawa ya meno ilitutia baridi.

Na wapo kati yetu, kutoka nchi mbalimbali, ambao mtu wa usalama kwao ni mlango uliogongwa usiku, na baba ambaye hakurudi. Tukicheka na Willy Gamba wetu, tukumbuke kwamba si kila aliyekaa mezani anaweza kucheka.

Hofu hiyo tulikuja nayo, na imetufanyia jambo baya. Kuna ndugu mmoja aliyejiunga nasi miaka michache iliyopita. Habari yake tunaisema kwa ruhusa yake. Kila mkutano alikuwa na daftari. Akikaa na mtu anauliza: Umetoka mkoa gani? Ulipitia kambi ipi? Ulikuwa na nani? Ukijibu, anaandika. Haikuchukua muda, tukaanza kunong'ona: huyu ni shushushu. Akikaribia meza, mazungumzo yanageuka kuwa ya hali ya hewa. Hakuna aliyemfukuza. Tulimnyamazia tu, mpaka akaacha kuja.

Baadaye tulikutana naye stesheni ya Auburn, tukamuuliza kwa nini amepotea. Akafungua daftari lile. Lilijaa majina ya watu waliopita kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Alikuwa anamtafuta dada yake. Na katika miezi yote ile, hata mmoja wetu hakuwahi kumuuliza: ndugu, unatafuta nini?

Sisi wauguzi siri ni sehemu ya kazi yetu. Tunajua ya watu wengi, na tukikutana nao dukani tunauliza bei ya nyanya tu. Lakini siri hiyo ni ya mgonjwa, tunaitunza kwa faida yake. Siri za Willy Gamba nazo zilitunzwa ili mtu wa Msumbiji au Afrika Kusini apate kuishi. Ile minong'ono yetu ilimlinda nani? Haikumlinda mtu. Ilimwongezea upweke mtu aliyekuwa tayari mpweke, na ilimnyima majina ambayo pengine mmoja wetu alikuwa nayo.

Tahadhari ni haki ya kila aliyeumizwa, na asiyetaka kutaja jina la kambi yake asilazimishwe. Lakini kuuliza si ujinga, wala si ushushushu. Mtu akikutia wasiwasi, muulize uso kwa uso. Usimhukumu jikoni.

Tuna maombi mawili. La kwanza, anayekwenda nyumbani likizo atuletee nakala za Musiba na za Ben Mtobwa, mwenye Joram Kiango wake, tuanzishe rafu yetu, tuwasomee vijana kwa sauti. Msamiati wao utakua, nao watajua Dar es Salaam iliwahi kuwabeba wangapi.

La pili, ndugu yetu amekubali kurudi. Leo yuko hapa, na daftari lake liko meza ya karibu na mlango, pamoja na kalamu. Dada yake bado hajapatikana. Aliyepita Nyarugusu, au mwenye ndugu aliyepita huko, asimame kidogo pale kabla ya kuchukua sahani.

Heri ya Uhuru kwenu nyote.