Bima ya Nyumba ya Shambani: Iandikwe Kama Nyumba Ilivyo

Mada kwa semina ya wamiliki wa mashamba na nyumba ndogo za vijijini



1. Utangulizi

Huko Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo, wako wakazi wengi wa Dar es Salaam walionunua ekari mbili tatu, wakapanda mikorosho, kisha wakajenga nyumba ya vyumba viwili ya kufikia wanapokwenda shamba. Hiyo ni akiba ya miaka, na inastahili kinga. Hoja yangu ni moja: bima ya nyumba kama hiyo inafaa pale tu inapoieleza nyumba kama ilivyo. Hati iliyojazwa kana kwamba nyumba iko mjini Sinza haitamsaidia mwenye shamba siku ya moto.

2. Nini kinakatiwa bima

Ardhi haimo. Kinachokatiwa bima ni jengo na vilivyomo: samani, pampu ya maji, paneli za sola na betri zake, zana za kazi. Kila kundi liandikwe na thamani yake.

Mkata bima lazima awe na maslahi halali katika mali hiyo. Wengi wetu tuna karatasi ya mauziano tu, iliyoshuhudiwa na uongozi wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeweka utaratibu wa hati ya hakimiliki ya kimila, na anayestahili aifuatilie. Aliyejenga kwenye shamba la wazazi apate makubaliano ya maandishi ya familia yanayosema nyumba ni ya nani. Swali hilo lijibiwe kabla ya hasara.

3. Mambo ya kusema wazi kwenye fomu

*Paa na jiko.* Makuti na nyasi hushika moto upesi, hivyo kampuni inaweza kukataa, kudai ada kubwa zaidi au kuweka masharti. Mtu huandika kwamba nyumba ni ya bati, akanyamaza kuhusu banda la jiko la makuti lililoegemea ukuta. Mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli wa mwombaji. Jambo zito likifichwa, dai linaweza kukataliwa hata kama ada imelipwa kila mwaka.

*Ukaaji.* Hapa ndipo nyumba za shambani zinapoumia zaidi. Mikataba mingi ya nyumba ina kifungu kinachopunguza au kuondoa kinga jengo likikaa tupu kupita muda uliotajwa, mara nyingi siku 30. Mwenye nyumba anayefika sikukuu hadi sikukuu anaweza kuwa hana kinga bila kujua. Aseme nyumba hukaa tupu kwa muda gani, nani anailinda na mlinzi analala wapi, kisha aombe kifungu hicho kirekebishwe kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ya wakala haitoshi.

*Majanga.* Kinga ya msingi kwa kawaida ni ya moto na radi. Mafuriko, dhoruba na wizi huongezwa kwa ada. Mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 na Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia mwezi uliofuata vinatosha kutuonya. Anayejenga bondeni aulize mafuriko kwa jina.

*Zimamoto.* Namba 114 ipigwe, lakini gari linalotoka mjini kupitia barabara ya mchanga linaweza kukuta majivu. Tangi la maji, kizimia moto na nyasi zilizofyekwa kuzunguka nyumba hupunguza hatari, nazo zitajwe kwenye fomu.

4. Thamani sahihi

Thamani ya bima ni gharama ya kujenga upya, wala si bei ya kuuza shamba. Hesabuni pia kusafirisha saruji na bati hadi kijijini, pamoja na kuondoa kifusi. Anayepunguza thamani ili alipe ada ndogo anakumbana na kanuni ya wastani: fidia hupunguzwa kwa uwiano uleule. Nyumba ya shilingi milioni 40 ikikatiwa bima ya milioni 20, kisha jiko na chumba kimoja vikaungua kwa hasara ya milioni 10, fidia itakuwa milioni 5, kabla ya makato mengine ya mkataba.

5. Wakati wa dai

Pigeni picha za nyumba na vifaa sasa, na nakala za stakabadhi zikae mjini. Hasara ikitokea, toeni taarifa mara moja kwa kampuni, na polisi pale inapohitajika. Msisafishe eneo kabla mkadiriaji wa hasara hajafika. Mkishindwa kuelewana na kampuni, Sheria ya Bima ya 2009 imeweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na msimamizi wa sekta ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA).

6. Mapendekezo

Kwanza, kila mmoja asome kifungu cha ukaaji kwenye hati yake wiki hii. Pili, wenye mashamba wa kijiji kimoja waende kwa kampuni pamoja: maombi ya nyumba nyingi yana nguvu zaidi ya kubadili masharti kuliko ombi la mtu mmoja. Tatu, kampuni za bima ziandae mkataba wa nyumba zisizokaliwa kila siku, wenye masharti ya ulinzi yanayotekelezeka kijijini. Nyumba hizi zipo, na wenyewe wako tayari kulipia kinga ya kweli.