Uzi na Ushahidi: Funzo la Everlyn Nicodemus kwa Vijana wa Mwanga



Nimeombwa nizungumzie sanaa ya nguo na mateso ya binadamu. Mfano bora uko hapa jirani na Mwanga. Everlyn Nicodemus alizaliwa Marangu mwaka 1954, ng'ambo ya Himo, katika nchi ya Wachaga ambao mababu zetu wa Ugweno waliwauzia chuma. Mwaka 1973 alihamia Sweden. Mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 26, msanii aliyejifunza mwenyewe, alifanya onyesho lake la kwanza katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Hoja yangu ni hii: sanaa inayogusa mateso haikuwekwa ili itutoe machozi. Imewekwa ili itoe ushahidi. Machozi hukauka mtu akifika kituo cha basi, lakini ushahidi hubaki, tena humdai anayeutazama.

Tazameni utaratibu wake. Kati ya 1984 na 1986 alikaa na wanawake wa Denmark, Tanzania na India akazungumza nao juu ya maisha yao. Alisikiliza kwanza, ndipo akachora na kutunga mashairi. Anayeanza kwa kusikiliza hamgeuzi mwenye maumivu kuwa kitu cha maonyesho.

Kisha zamu ya mateso ikamfikia mwenyewe. Ugenini Ulaya alikutana na ubaguzi, na baadaye akapatwa na kiwewe kizito. Mwaka 1991 alijikwamua kwa mfululizo wa michoro 84 aliouita Harusi. Mwaka 2004 akatengeneza kazi ninayotaka muikumbuke kuliko zote: kitambaa chenye urefu wa mita 16, rejea ya mauaji ya halaiki na ya kuangamiza jamii nzima nzima. Kinaorodhesha. Sisi tuliozoea kusoma jina la kanga mgongoni mwa mama zetu hatushangai kuona nguo ikisema; la kushangaza ni uzito wa inachosema.

Kuhusu utambulisho, mwaka 1982 alijichora kwa nyuso kadhaa zilizoungana. Hakuchagua mmoja na kuukana mwingine. Picha hiyo ilinunuliwa na jumba la taifa la picha za watu mjini London mwaka 2022, ikawa ya kwanza ya mwanamke mweusi aliyejichora kwa rangi kuingia katika hazina yake. Ilisubiri miaka 40. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2012, alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Middlesex, akichunguza sanaa ya kisasa ya Afrika na kiwewe cha watu weusi.

Sasa nirudi nyumbani. Upare una mambo mawili yanayongoja mikono ya namna hii. La kwanza ni Mbiru, upinzani wa kodi ya kikoloni wa miaka ya 1940. Wanaume walikusanyika Same wakagoma kurudi makwao, na wanawake nao wakaandamana. Profesa Isaria Kimambo aliliandika jambo hilo mwaka 1971. Historia imeandikwa, lakini ni wangapi kati yenu mmewahi kuwaona wanawake wale katika kazi yoyote ya sanaa?

La pili ni zito zaidi. Kule Mbaga kuna jabali la Malameni, ambako masimulizi ya wenyeji yanasema watoto walioitwa vigego, yaani walioota meno ya juu kwanza, walitolewa uhai hadi miaka ya 1930. Watoto wale hawana kaburi wala orodha.

Najua baadhi ya wazee watasema tusianike aibu ya ukoo. Nawaheshimu, lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Kuwakumbuka vigego si kuwatukana mababu. Ni kukiri kwamba hofu ya jamii iliwahi kulipwa kwa damu ya wasio na kinywa. Tukilikwepa hilo, tutawezaje kuwatetea watoto wenye ualbino leo?

Vifaa havikosekani. Mkonge unalimwa Kisangara. Vitenge vikuukuu, magunia na nyavu za bwawa la Nyumba ya Mungu vimo majumbani. Kinachokosekana ni nidhamu: kwenda kwa wazee kabla ya kushika sindano, kuomba ruhusa, kuhakiki masimulizi, kisha kushona bila kutia chumvi.

Nawasihi walimu wa shule zetu wawape wanafunzi kazi hiyo, na halmashauri itenge chumba kimoja cha kuitunzia. Wazee wanaoikumbuka Mbiru wanapungua kila mwaka. Anzeni kuwasikiliza sasa.